Sala ya Dhiki Haivai Koti

"Sala ya dhiki haivai koti." Mmeusikia usemi huu leo kwenye mazoezi ya kwaya, Mbonea alipoombwa amwombee baba yake aliyelazwa, naye akasema hajui kuomba kama mchungaji. Sasa mnacheka na kuniuliza koti limeingiaje. Kaeni basi, wajukuu zangu. Usemi huu ulizaliwa hapahapa Upare, katika usharika wetu, na ulizaliwa hivi.

Zamani kanisa letu lilikuwa na koti moja jeusi. Lilikuwa la mwinjilisti wa kwanza, naye alipofariki, mzee wa kanisa akawa analivaa kila anapoongoza sala. Lilikuwa fahari yetu. Vijiji vya jirani vilikuwa na kengele. Sisi tulikuwa na koti. Na kwa kuwa hapakuwa na kazi iliyoanzwa bila sala, wala sala ya watu wote bila koti, hata msingi wa nyumba ulilingoja.

Mwaka mmoja masika yalizidi. Asubuhi moja mlima ukameguka, ukaifukia nyumba ya mjane Namsifu, yeye akiwa ameenda kuchota maji. Ndani walikuwemo wanawe wawili, Elineema na dada yake mdogo. Wanaume walikuja mbio na majembe. Wakafika, wakasimama. Walimngoja Mzee Sefue, mzee wa kanisa, aombe ndipo wachimbe.

Mzee Sefue alikuja, lakini koti lilikuwa kwa fundi cherehani huko bondeni, limechanika kwapani. Akatuma mtu alifuate. Watu wakangoja, majembe begani, mvua ikiwanyeshea. Mmoja alinong'ona kwamba mzee angeomba na shati tu. Mwenzake akamwuliza kama ni yeye aliyeileta Injili huku milimani.

Namsifu akamnyang'anya jirani jembe.

"Mama Elineema, vumilia kidogo," Mzee Sefue akamwambia. "Sala ina heshima yake."

"Wanangu wanameza udongo, Mzee. Koti linameza nini?"

Akasimama kwenye tope, khanga imepasuka, akaomba kama mtu anayezungumza na mzazi wake. "Bwana, ni mimi Namsifu. Nimekukasirikia, na sina maneno mazuri. Nirudishie wanangu. Ukininyima, usiniache peke yangu. Amina."

Watu walikuwa wameinamisha vichwa, kimya, maana hata walioudhika walijua sala ni sala. Katika kimya kile wakasikia kitu kikigonga chini ya udongo: ko, ko, ko. Majembe yakashuka yote kwa pamoja.

Walimtoa msichana uvunguni mwa kitanda, ameshikilia sufuria, mguu umevunjika. Elineema walimtoa baada yake. Alikuwa amekwisha kukata roho.

Kwa hiyo msije mkaniambia kwamba sala ile ilikuwa hirizi. Jioni Namsifu aliomba tena. Alimlalamikia Mungu waziwazi, akalia, kisha akamshukuru kwa yule mmoja. Hakumpa Mungu kisogo.

Siku ya maziko koti likafika, kwapa limeshonwa. Watu wakamtazama Mzee Sefue, wakitaraji atalivaa. Akalikunjua, akamfunika nalo Elineema. Akabaki na shati lenye tope la juzi.

"Ndugu zangu," akasema, "nilimchelewesha mtoto huyu nikingoja nguo. Sala ya dhiki haivai koti."

Akaanza kuomba, akakwama katikati, akalia. Ikatosha.

Tangu hapo hatuna koti, na jirani zetu bado wana kengele zao. Lakini ulizeni mlima mzima: mtu akifikwa na msiba, hutaka kuombewa na watu wa kwetu.

Mnaniona kila Jumapili nikichechemea mpaka kwenye kiti changu. Mguu huu ndio ule uliovunjika. Namsifu alikuwa mama yangu, na maneno yake ya kawaida, kama ya jikoni, ndiyo ninayoomba nayo hadi leo. Mwambieni Mbonea aende wodini jinsi alivyo, amshike baba yake mkono, aseme alichonacho moyoni. Sala ya dhiki haivai koti.