Pumzi ya Mama Bukuru

Sogeeni, lakini moto huo uzimeni kwanza. Hadithi yangu ni ya moshi, na siwezi kuisimulia huku mnakohoa.

Palikuwa na mjane mmoja mpika chumvi, Mama Bukuru. Miaka nenda rudi alichemsha maji ya chumvi ndani ya banda, kuni zikimfukizia moshi usoni. Chumvi hiyo ilisomesha watoto watatu. Wawili wa kwanza walikuwa mapacha, akawapa majina kwa desturi ya kabila lake, Waha: Bukuru, wa kiume, aliyetangulia, na Butoyi, wa kike, aliyefuata. Aliyezaliwa baada yao akaitwa Chiza, kama ilivyo ada.

Kila mmoja alikuwa na karama yake. Bukuru, mwalimu wa kwaya, alikuwa na sikio. Butoyi alikuwa na subira. Alifundisha watoto wadogo kusoma na hakuwahi kumkaripia hata mmoja. Chiza alikuwa na jicho. Alikuwa daktari wa kusoma picha za ndani ya mwili.

Ikafika siku mama akawa hamalizi sentensi bila kutweta. Alipimwa kifua kikuu, hakuna. Picha ya kawaida ya kifua haikutoa jibu. Majirani wakasema ni uzee tu, naye akarudi bandani.

Bukuru alikuja kumsalimu, akakaa akimsikiliza anavyohema.

"Mama, kuvuta unavuta," akasema. "Kutoa ndiko kunakokushinda. Hewa inaingia, halafu haitoki."

"Ala! Mimi nimekuwa mwanakwaya wako?" Mama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Bukuru hakucheka. Alimpigia simu Chiza palepale, wakakubaliana apigwe picha za skani, moja akiwa ameingiza pumzi na nyingine akiwa ameitoa yote.

Lakini mashine ya skani haitaki mtu atikisike. Kila mama alipoambiwa atoe pumzi yote na atulie, alikohoa, na picha ikaharibika. Alikuwa anaogopa. Kwake yeye, kutoa pumzi yote ilikuwa sawa na kukubali kufa. Butoyi akaomba ruhusa kazini, akakaa naye kitandani akimfundisha kupuliza polepole, midomo imebanwa, kama anayepoza uji.

"Toa, mama. Bado ipo. Toa tena, mimi nipo hapa."

Ilichukua siku nyingi, na machozi, mpaka akaweza.

Picha zikaenda kwa Chiza. Ile ya pumzi iliyoingia ilionyesha mirija ya hewa yenye kuta zilizonenepa kidogo, daktari mwingine angeipita bila kuishtukia. Akafungua ya pili. Mtu mwenye afya akishatoa pumzi, mapafu husinyaa na kupauka pichani. Ya mama yalibaki na mabaka meusi kila upande, hewa iliyonaswa isipate njia ya kutokea. Chiza aliufuata mrija mmoja baada ya mwingine, akaona jinsi moshi ulivyoubana. Alilia kwanza, ndipo akaandika majibu.

Basi ugonjwa ukajulikana, na habari haikuwa njema. Kilichoharibika hakirudi, na siku zilizobaki si nyingi. Dawa ya kuvuta ingempa nafuu, mradi asiuone tena moshi na asiishi peke yake. Daktari wa kifua akaonya pia kwamba ahamie mahali pamoja atulie, maana kifua kile hakiwezi safari za kupokezana. Na wanawe, kila mmoja aliishi mkoa wake. Wote watatu walielewa bila kuambiana: atakayemchukua ndiye atakayekuwa naye siku ya mwisho, na wawili watapata habari kwa simu.

Msiniambie wagawane. Mama si mkate.

"Bila sikio langu mngemzika mkisema uzee," alisema Bukuru, wamesimama kando ya kitanda.

"Hata ungesikiliza mpaka kesho, hiyo picha ingepigwaje?" Butoyi akamjibu. "Nani alimshika mkono akijifunza kutoa pumzi?"

"Na picha bila wa kuisoma ni kivuli tu," akasema Chiza. "Halafu wewe kaka, maisha yote anaitwa kwa jina lako. Nani amewahi kumwita Mama Chiza? Hizi siku chache niachieni mimi."

Mama aliwasikia wote, na wote aliwaona wana haki. Moyoni alitamani arudi bandani akafie kwenye chumvi yake, lakini hilo hakuna aliyemuuliza. Kilichomuuma zaidi ni nyuso za wale wawili atakaowaacha.

"Basi sema wewe, mama," Butoyi akamwambia.

Mama akafumbua mdomo. Kifuani hamkuwa na pumzi ya kueleza sababu, wala ya kuwaomba radhi wawili. Ilikuwapo ya kutamka jina moja.

Mimi naishia hapo, watatu wamemwinamia wanasubiri. Wewe uliyenisikiliza, pumzi ile ingekuwa yako, ungemtaja nani?