Mghoi na Jiwe la Kijani

Paukwa!
Pakawa!
Basi nipeni masikio, nami niwape maneno.

Palikuwa na mjane mfinyanzi, jina lake Mghoi. Alikuwa na binti mmoja tu, Wakesho.

Siku moja Mghoi alikwenda mlimani kuchimba udongo wa vyungu. Ardhi ikatitia, akaanguka chini kabisa, kwenye pango la zimwi.

Zimwi lilikuwa limechutama peke yake kando ya ufa wa mwamba. Halikumla.

"Njia ya kutokea ile pale," likasema. "Nenda, au ngoja jiwe liive nikupe."

Mghoi akachungulia ufani. Moto wa chini ulichemsha maji, maji yakayeyusha mwamba, yakapanda na kupoa polepole. Mlima mzima ulikandamiza kwa juu. Na pale ufani paliota jiwe la kijani, dogo kama punje ya mtama.

Litampendeza Wakesho siku ya harusi, akawaza. Akauliza, "Limeiva?"

"Bado. Nenda au ngoja."

Akangoja. Jiwe likawa kama punje ya hindi.

"Limeiva?"

"Bado. Nenda au ngoja."

Mghoi akamkumbuka mwanawe, akasimama. Akalitazama jiwe, akaketi tena. Kule chini hakuna jua wala jogoo. Hakuona njaa, hakuota mvi. Jiwe likawa kama haragwe.

"Limeiva?"

"Limeiva." Zimwi likalibandua, likampa. "Kaa nami kidogo. Wote huondoka."

Mghoi alikuwa ameshaanza kukwea.

Basi akafika kwake. Mlangoni ameketi bibi kizee, macho hayaoni.

"Hodi. Namtafuta Wakesho."

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama yako."

Bibi akampapasa uso, taratibu. "Wewe bado kijana, mwanangu. Mama yangu alikwenda kuchimba udongo nikiwa msichana. Nilimngoja. Nilikataa hata kuolewa, asije akarudi akakuta nyumba tupu."

Mghoi akamtia jiwe kiganjani. Bibi akaligeuzageuza.

"Kokoto," akasema, akamrudishia. "Karibu uji, mgeni."

Mghoi akaketi, akanywa uji wa mwanawe.

Hadithi yangu inakomea hapo. Wanangu, jiwe lina muda wa kungoja, mtu hana. Aliye nyumbani anakutazamia, mrudie mapema.