Siku Moja ya Kazi ya Eilif

"Amri ya Kumi na Saba, Kuhusu Kipimo Halali cha Siku Moja": ndivyo ilivyoandikwa juu ya karatasi iliyopigwa mihuri mitatu.

Hapo zamani, kaskazini ya mbali, ambako jua la kiangazi halichwi majuma saba, nalo la majira ya baridi halionekani majuma saba, palikuwa na kijiji cha wakulima kumi na wawili. Kabaila wao, Bwana Gyldenkamp, alifika kiangazi, akarudi kusini kabla ya theluji.

Amri ilisema kila nyumba itamfanyia bwana kazi siku moja kwa mwaka, tangu jua kuchomoza hata kuchwa, naye atamlisha mfanyakazi tangu afikapo hata siku iishe. Basi wakulima wakaingiwa na hofu, kwani siku moja ya kiangazi ingemeza wakati wote wa kukata nyasi, na ng'ombe asiyewekewa nyasi hafiki masika.

Eilif, fukara mwenye ng'ombe mmoja, akajifunga kwenda kwa bwana.

"Nenda, baba," akasema mkewe Ragna. "Mimi nitamla ng'ombe kabla hajakonda."

Eilif akainama mbele ya kabaila. "Bwana wangu, amri haikutaja siku ipi. Je, mtu aweza kuchagua?"

"Chagua uitakayo. Siku ni siku."

"Naomba iandikwe, bwana wangu. Mimi mjinga, husahau."

Ikaandikwa, ikapigwa mhuri wa nne. Kiangazi kikapita, nyasi zikajaa ghalani, na bwana akaenda zake kusini.

Ikawa siku ya pili baada ya jua kutoweka, wakulima wote kumi na wawili wakaja na mashoka, wakaketi katika jiko la bwana.

"Mbona hamfanyi kazi?" akauliza msimamizi.

"Jua halijachomoza, mzee. Tukianza sasa tutavunja amri."

"Basi rudini kwenu."

"Tutoroke kazi ya bwana? Hasha. Ila uji huu umepungukiwa chumvi."

Wakala majuma sita. Msimamizi akaandika barua kwamba shayiri imekwisha, na bwana akaja mbio juu ya theluji, amejifunika manyoya hata puani.

"Jua litachomoza lini?" akafoka.

"Mwenye amri ni wewe, bwana wangu. Sisi twangoja tu."

Bwana akaisoma amri yake mara mbili, kisha akacheka hata akashika ukuta. Palepale akatoa Amri ya Kumi na Nane: kuanzia mwaka ujao siku ni saa kumi, na wakati wa nyasi mtu asiitwe.

Jua lilichomoza Jumanne, likakaa dakika kumi na nne. Eilif alipasua gogo moja na nusu, akaenda nyumbani.