Fundo kwenye Waya wa Kobe

Palikuwa na mtu mmoja aliyetunza bwawa la kuogelea katika hoteli ya kitalii. Sitaitaja hoteli wala mtu, kwa sababu nimewatunga mwenyewe jana nikichambua maharage, na sipendi mtu atoke hapa aanze kuuliza ni nani. Ukitaka kumtafuta, mtafute kwako.

Hoteli ilikuwa mlimani, penye baridi kidogo na mijakaranda mingi. Mjakaranda ni mti mzuri kwa mgeni anayepiga picha. Kwa mtu wa bwawa ni adui. Maua yanaanguka, maji yote yanakuwa zambarau, na jua likishapanda yamezama na kuanza kuoza. Miaka mingi yule bwana alipambana nayo kwa brashi yenye mpini mrefu, akizunguka ukingoni, macho chini. Mgongo ulimuuma. Lakini hapakuwa na kona ya bwawa lile ambayo hakuitazama kila siku.

Kisha hoteli ikanunua roboti. Ni mashine ya ukubwa wa beseni la kufulia, ina magurudumu, ina brashi tumboni, na ina waya mrefu wa umeme unaoelea juu ya maji. Unaitumbukiza, inashuka hadi chini, inatambaa sakafuni, inapanda kuta, inameza uchafu na kuuweka kwenye kapu lililomo ndani yake. Wafanyakazi waliiita Kobe.

Yule bwana alimtunza Kobe vizuri, nisimsingizie. Alijua masharti yake. Kobe hakai majini watu wakiogelea. Kobe hanyanyuliwi kwa waya. Anashikwa mkono wake, na kabla ya kumtoa unamwacha kwanza amwage maji. Kapu linafunguliwa kila siku na kusuuzwa, nywele zinachambuliwa kwenye brashi. Waya unanyooshwa juani, maana ukijisokota, Kobe anazunguka mahali pamoja kama kuku mwenye kideri. Yote hayo aliyafanya. Kitu kimoja tu alikiacha. Aliacha kuangalia chini. Aangalie nini, na Kobe anapita?

Sasa katika kona ya kina kirefu kulikuwa na tundu, kama yalivyo mabwawa yote ya namna ile. Pampu inavuta maji kupitia tundu hilo, inayapeleka kwenye chujio, yanarudi safi. Juu ya tundu kuna mfuniko wa wavu uliofungwa kwa skrubu. Mfuniko ukikaa sawa, mtu anaweza kuukanyaga asijue upo.

Asubuhi moja wageni wakiwa hawajaamka, Kobe alikwenda kwenye kona ile akasimama. Hakuzima. Alikuwa anatetemeka. Magurudumu yanazunguka, mwili hauendi, na juu yake maji yanafanya viduara vidogo, kimoja kinafuata kingine. Yule bwana akamvuta, akamnyoosha waya, akamrudisha. Kobe akazunguka bwawa zima, akarudi kwenye kona ile ile, akasimama akitetemeka.

Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa.

Mama mmoja wa jikoni, aliyekuwa akipita na ndoo ya maganda, akasimama kutazama.

"Kaka, Kobe wako amepagawa?"

"Waya umejisokota."

"Mbona anatazama pale pale?"

"Mama, wewe una chapati zako, mimi nina Kobe wangu. Kila mtu na jiko lake."

"Haya. Zangu zikiungua wageni wanaziona. Chako kikiungua nani atakiona?" Akaenda zake akicheka. Lakini tangu siku ile alipitia njia ya nyuma, na hakusema kwa nini.

Siku hiyo yule bwana alipofungua kapu, ndani ya maua yaliyooza akakuta skrubu. Skrubu ndefu, ya chuma kisichoshika kutu. Akaigeuza mkononi. Niambieni ninyi: skrubu inatoka wapi ndani ya bwawa? Inaanguka kutoka mjakaranda? Alijua inatoka wapi. Akaiweka dirishani kwenye chumba cha pampu, akaosha mikono.

Alikwenda kwa meneja, hilo nalo nisimnyime.

"Bosi, nadhani mfuniko wa lile tundu la chini umelegea. Tuzime pampu, nizame niangalie. Bwawa tutalifunga kidogo."

Meneja akasema, "Msimu huu? Wageni wamejaa mpaka vyumba vya madereva, wewe unafunga bwawa?"

"Kobe anakwama pale, bosi."

"Na mimi namwona! Wageni wanakunywa chai, mbele yao mashine inatetemeka kama ina degedege. Fanya ufundi wako, bwana. Sitaki kumwona pale."

Sikilizeni neno hilo. Hakusema, sitaki kuwe na kitu pale. Alisema, sitaki kumwona Kobe pale.

Yule bwana alijua kuogelea. Angeweza kuzama siku yoyote kabla wageni hawajaamka, pampu ikiwa imezimwa, akaona, akatoka. Kwa nini hakuzama? Kwa sababu kuna kitu ambacho mtu akishakiona atalazimika kukisema, na akikisema mara ya pili hawezi tena kusingizia kwamba alinyamazishwa. Basi akafanya ufundi wake. Akauchukua waya wa Kobe, akapiga fundo kwenye chuma cha ngazi, waya ukawa mfupi. Kobe sasa alifika kila mahali, isipokuwa kona ile.

Meneja akafurahi. "Umeona? Kobe kapona."

Lakini Kobe hakuwa amepona. Kila asubuhi alitambaa kuelekea kona ile mpaka waya ukakaza. Akavuta. Akageuka, akaenda, akarudi, akavuta tena, kama mbuzi aliyefungwa kamba anayeona kitu vichakani ambacho ninyi hamkioni. Alama ya brashi zake ikabaki sakafuni kama mstari wa duara. Upande wa huku vigae vyeupe. Upande wa kule maua yamekusanyika, meusi sasa, yamejipanga kulizunguka tundu kama shada juu ya kaburi. Upepo haukuwepo, lakini maua yale yalikuwa yanasogea. Yanazunguka polepole, yote kwa upande mmoja.

Na watu, bila kuambiana, wakaanza kuiacha kona ile. Wahudumu wakasogeza viti mbali nayo. Aliyepita pale alipunguza sauti. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia jua kali.

Hoteli ile ilikuwa na desturi moja. Msimu ukiisha, wageni wakiondoka, siku moja ya mwaka watoto wa wafanyakazi wanaruhusiwa kuogelea. Wazazi wanachoma nyama bustanini, meneja anakuja na kofia, anasalimia, anaondoka. Yule bwana alikuwa na binti, na binti alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa mwaka mzima. Mama yake alimsuka rasta ndefu mpaka kiunoni, akazimalizia kwa shanga nyeupe.

Asubuhi ile baba alimtoa Kobe majini, kama sharti linavyosema. Akalifungua lile fundo, akamsuuza, akamweka kwenye kitoroli chake kivulini. Alimgeuza uso ukutani. Baadaye wako waliosema walimkuta Kobe ametazama bwawa. Mimi sisemi kitu juu ya hilo. Kitoroli kina magurudumu.

Mkewe akamuuliza, "Baba, kule kwenye kina ni salama?"

Mnaona? Ameulizwa. Kwa upole, na mtu anayemwamini, mchana kweupe. Mlango umefunguliwa mbele yake.

Akasema, "Bwawa hili nalisafisha kila siku." Akageukia nyama.

Watoto wakabuni mchezo. Mmoja anatupa kijiko cha jikoni majini, wengine wanazama kukitafuta. Kijiko kinang'aa, kinashuka kikiyumba, anayekileta ndiye mshindi. Kikatupwa mara nyingi upande wa huku. Kisha kikatupwa mbali zaidi kidogo. Watoto waliona kijiko kikishuka, na walipokuwa wakitazama kikaacha kuyumba, kikaenda moja kwa moja kwenye kona, kama kilichoitwa.

Binti akazama.

Kelele ziliendelea. Hilo ndilo nataka mlijue, kelele ziliendelea. Mtoto anayepiga makelele ana pumzi. Watu walikula, mtu akasimulia kichekesho, shanga za mtoto mwingine zikalia ukingoni. Mama wa jikoni ndiye aliyeinua kichwa.

"Kaka. Mwanao yuko wapi?"

Yule bwana hakuuliza "mwanangu yupi," hakuita jina, hakutazama bustanini wala vyooni. Alitazama kona ile, mara moja, kama mtu aliyeonyeshwa kwa kidole. Maji yalikuwa safi kabisa. Akamwona binti yake ameketi chini, ametulia, kama anayesubiri kuitwa. Nywele zake hazikuwa zimeelea juu, kama zinavyoelea nywele ndani ya maji. Zilikuwa zimenyooka kuelekea chini, kwenye tundu, zote, zimekaza.

Na maua yalikuwa yanamzunguka.

Mfano wangu nausimamisha hapo. Tulieni, nimeona mama mmoja ameshika mdomo.

Tuseme habari zetu sasa. Mimi si mtu wa maneno mengi, na wengi wenu mmeacha sufuria jikoni kama mimi. Mungu alitupa Kobe, kila mmoja wetu wake. Ni kile kitu kinachotambaa ndani yako mchana ukifua, kinapita juu ya watoto wako mmoja mmoja, halafu kinafika kwa mmoja kinasimama. Kinatetemeka. Mbona huyu amenyamaza siku hizi? Mbona analowanisha kitanda, na alishaacha? Mbona mjomba fulani akija yeye anakwenda kukaa chooni? Na wewe unafanya nini? Unamwambia, "Njoo umsalimie mjomba, una adabu gani wewe!" Hilo ni fundo. Umefupisha waya.

Tunajua kufunga mafundo, jamani. Nyumba ni ndogo, mgeni alale na watoto, ni ndugu. Fundo. Yule anatulipia ada, tukisema atakasirika. Fundo. Ni mtu wa kanisani, anaongoza maombi vizuri. Fundo, tena hilo ni la waya mnene. Tunasali sala ya jioni inayozunguka nyumba nzima, tunawaombea wasafiri, tunawaombea wagonjwa, tukifika kona ile waya unakaza, tunasema amina.

Halafu tunasema nyumba yetu ni safi. Nani amekataa? Hata maji yale yalikuwa safi.

Skrubu umeshaiokota. Wako humu ndani walioiokota mwaka jana, ipo dirishani, kila siku wanaipitia wakienda kuchota maji. Mnangoja nini? Mnangoja kuwa na hakika? Yule bwana naye alipata hakika. Mmeona aliipataje.

Basi leo jioni, mwite mtoto uliyemwaza sasa hivi nikiwa nasema. Usimwite mbele ya watu. Usimkazie macho. Chukua kitana, mkalishe katikati ya magoti yako, anza kumsuka. Na wewe baba, una kazi ya baiskeli, una mbuzi wa kufuata, nenda naye. Mtoto anasema vizuri zaidi akiwa hatazamwi usoni. Uliza. Kisha nyamaza. Akikwambia, usimkatize, usimwambie anamsingizia mtu mzima, usilie kwa sauti akaona amekuumiza akarudisha maneno ndani. Mwambie umesikia, na kwamba hakukosa yeye. Na usianze kikao cha ukoo pampu ikiwa inavuta. Zima pampu kwanza. Yule mtu atoke nyumbani kwako, leo, usiku wake akalale kwingine. Ndipo uende polisi, ndipo ukoo ukae, ndipo wakasirike wanaotaka kukasirika. Ada tutatafuta. Tumewahi kula mlo mmoja, hatukufa.

Najua mnataka kuniuliza kama yule binti alitolewa akiwa hai. Niliwaza jana nimtoe. Ningeweza, mfano ni wangu. Mama wa jikoni angekimbilia chumba cha pampu, baba angeruka na kisu cha nyama akazikata zile rasta, mngepiga makofi, mngerudi nyumbani mmefarijika, mkale.

Sikumtoa. Nimemwacha chini, na pampu inavuta, na bado ana pumzi kidogo. Mimi siwezi kumfikia kutoka hapa niliposimama. Swichi iko nyumbani kwako.