Asubuhi Iliyofichwa kwenye Ndoo ya Vitumbua

Umeme ukikatika ndipo mnakumbuka kwamba mna bibi. Ukiwepo, mimi ni kiti tu cha kuwekea mabegi ya shule. Sasa televisheni imezima, simu hazina chaji, mmekuja kujipanga hapa kama kuku walioona pumba: "Bibi, tusimulie." Nisimulie nini? Si jana mlisema hadithi zangu zote ni za fisi, na fisi mwenyewe hajifunzi? Haya, leo hakuna fisi. Kila mmoja achukue ungo achambue mchele huku anasikiliza. Nikiuma jiwe kwenye wali, nitajua ni la nani. Na wewe mume wangu Nasoro, toa kidole puani. Mchele huo tutakula wote.

Hapo zamani, na sisemi zamani ya wanyama kuongea, nasema zamani ya juzi juzi, baba yenu ameshaota ndevu na bado ananiletea mashati nimpigie pasi, hapa hapa Korogwe, nyuma ya soko, palikuwa na fundi cherehani anaitwa Bi Zulfa. Mimi nilikuwa namshonea vifungo, kwa hiyo msiniulize nimejuaje.

Kwenye kona ya duka lake Bi Zulfa alikuwa na televisheni yenye kisogo na mashine ya gemu, aliyoachiwa na mpwa wake alipohamia Arusha. Vijana walikuja kucheza mpira humo. Dakika kumi za kelele, matusi mawili, wamekwisha, wametoka. Lakini walikuwepo watu wazima watatu waliocheza mchezo mmoja tu, wa Wajapani. Wajapani hawana haraka, jamani. Walikaa wakaunda safari ya masaa themanini! Ndoa yangu ya kwanza ilikuwa fupi kuliko hiyo.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Kuna nchi imepotelewa na asubuhi. Jua halichomozi. Watu wanne wanaondoka kwenda kuitafuta: mpishi anayepigana kwa kikaango, askari aliyetoroka vitani, binti asiyesema, na paka anayetembea kwa miguu miwili kashika mwavuli. Msicheke. Mimi nilicheka hivyo hivyo wiki ya kwanza, wiki ya pili nikawa nakosea vifungo kwa kumwangalia yule paka.

Wachezaji watatu. Wa kwanza ni Shekalaghe, fundi baiskeli. Yeye alipenda kukua. Kwenye mchezo ule ukiua chura unapata nguvu kidogo, ukiua chura mwingine unapata kidogo tena. Shekalaghe aliua vyura siku tisa. Vyura wale wale, bwawa lile lile. Ukimwambia, "Fundi, twende mbele," anasema, "Bado kidogo." Nilimuuliza, "Raha yake nini?" Akanijibu, "Bibi, baiskeli nikiitengeneza leo, kesho inarudi imepinda. Humu nikijenga kitu, kinabaki kimejengeka." Nami nimepika ugali miaka hamsini, kila siku sufuria tupu.

Wa pili, Mzee Mhina, mstaafu wa reli, alikuwa mfunga geti pale njia inapokata barabara. Maisha yake yote ameona watu wakipita tu. Yeye alipenda kuingia. Hakuna nyumba katika mchezo ule ambayo hakubisha hodi, hakuna mtungi ambao hakuufunua. Anamwamkia mwuza mboga, anarudi anamwamkia tena aone kama kabadilisha jibu. Na kila alichookota alikiweka mkobani. Huko mitungini aliokota chupa moja ya dawa ya uhai, moja tu katika nchi nzima. Ukimwambia, "Mzee, tuitumie," anasema, "Tunza, itatufaa mbele." Mkobani hakuruhusu mtu mwingine. Mkoba ukifunguliwa, pedi, kile kishikio cha vitufe vya kuchezea, anapewa yeye.

Wa tatu, Mwajabu, mwuza vitumbua. Yeye hakushika pedi hata siku moja, maana Bi Zulfa alishamwambia, "Mikono hiyo ya mafuta ikigusa kitu changu, nitaikata na mkasi." Lakini mchezo wote uliandikwa Kiingereza, na Mwajabu peke yake ndiye aliyemaliza fomu foo akiwa anasikiliza darasani. Alisoma kila neno, akatugeuzia Kiswahili, kila mtu na sauti yake, hata paka. Yeye alipenda kisa. Askari aliporudi kwao akakuta mama yake hamtambui, Mwajabu alilia mpaka wateja wakajipakulia wenyewe. Mtu akitaka kuruka maneno, anasema, "Ngoja nisome."

Basi ikawa hivyo. Bado kidogo. Tunza, itatufaa mbele. Ngoja nisome. Walianza mahindi yakipandwa, yakavunwa, na asubuhi bado haijapatikana.

Jumatatu moja Bi Zulfa akasimama katikati ya duka, tepu shingoni. Akasema, "Nimepata kazi ya sare za shule mbili. Cherehani zinaongezeka, kona yangu naitaka. Ijumaa kabla ya sala hii takataka inatoka. Mkimaliza huo mchezo wenu, anayestahili namwachia mashine na televisheni. Mtu mmoja. Sitaki mali ya nyumba tatu, itaniletea ugomvi wa nyumba tatu. Msipomaliza, vyote vinakwenda kwa fundi redio, akavitoe utumbo."

Mzee Mhina akasema, "Bi Zulfa, mwanangu, tuna masaa sabini na sita humo ndani."

"Basi mnayajua manne yaliyobaki," akajibu, akakaa.

Jumatano walifika juu ya mnara, kwa Malkia aliyeiba asubuhi. Ana miguu ya buibui na taji la mifupa. Akawapiga! Mpishi chini, binti chini, askari chini. Kabaki paka na mwavuli. Shekalaghe anapiga kelele, "Mzee, dawa! Fungua mkoba!" Mzee Mhina kashika pedi, jasho linamtoka. "Tunza," anasema, "itatufaa mbele." Paka naye akaenda chini. Siku nzima ya kupanda ngazi, imepotea.

Shekalaghe akasema, "Mzee wangu, nakuheshimu, nimekula kwako. Lakini huko mbele unakokusema ni wapi? Baada ya Malkia kuna ukuta!"

"Ikitumika itakuwa imekwisha," akasema yule mzee, taratibu kabisa.

Alhamisi wamerudi asubuhi, wanakuta kadi haipo. Ile kadi ndogo nyeusi ya kuchomeka, ndiyo inayokumbuka mlikofika. Bila hiyo mnaanza na kikaango na chura mmoja. Tulipekua kila kitu. Vitambaa vikamwagwa, sanduku la vifungo likamwagwa, na vifungo hivyo niliviokota mimi, kwa magoti haya haya. Shekalaghe kamgeukia Mzee Mhina: "Wewe ndiye unayetunzaga!" Mzee akakung'uta mifuko yake mbele za watu, zikatoka tasbihi na ganda la karanga. Mzee mzima! Mpaka saa saba kamili, mteja kaja kununua vitumbua viwili, katia mkono ndooni chini kabisa apate vya moto, akasema, "Dada Mwajabu, hiki mbona kigumu?"

Ilikuwa kadi, imefungwa kwenye nailoni.

Mwajabu kajifunika uso kwa mtandio. "Nilitaka Ijumaa ipite tu," akasema. "Mkimaliza, wale wanne watakwenda wapi? Yule binti hajasema hata neno moja bado. Nikikaa jikoni kwangu huwa nawaza leo wamelala wapi, wamekula nini. Mkimaliza nitawaza nini? Bei ya mchele?"

Shekalaghe akamtazama. Akasema, "Mimi kumbe nimeua vyura siku tisa, na adui yetu anauza vitumbua mlangoni." Basi Bi Zulfa, ambaye hajacheka tangu amzike mumewe, akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Tukacheka wote, Mwajabu mwenyewe akiwa anacheka na kulia, na yule mteja akauliza kama vitumbua vyake bado vipo.

"Faini yako utalipa," akasema Bi Zulfa. "Kwanza wamalize."

Ijumaa saa nne wako mnarani. Malkia akaanza kupiga, lakini safari hii hawakuanguka upesi, kwa sababu ya vyura. Nguvu ya siku tisa ile. Shekalaghe anapiga kikaango, paka anakinga kwa mwavuli, na Bi Zulfa kasahau mguu kwenye pedali, cherehani inakwenda yenyewe mpaka mkono wa shati ukaungana na kola.

Mara Malkia akasimama. Akauliza jambo, na kwenye kioo yakatokea majibu mawili, uchague moja. Mwajabu akasoma: "Anauliza, 'Mnaijua sababu?' Jibu la kwanza, 'Uchoyo.' Jibu la pili, 'Binti.'"

"Uchoyo!" akasema Shekalaghe, kidole kiko tayari.

"Ngoja! Kile kijiji cha kwanza kabisa, yule bibi mwuza kamba alisema nini? Alisema Malkia ana binti wa kuolewa nchi ya mbali, na msafara ulikuwa uondoke alfajiri. Ndiyo maana hataki kuche. Bonyeza binti!"

Akabonyeza. Miguu ya buibui ikadondoka, taji likadondoka, kabaki mwanamke mtu mzima kama mimi, macho mekundu. Lakini kiburi kilibaki. Akapiga pigo la mwisho, wakaanguka watatu, na paka kabakiwa na tone la uhai.

Kila mtu akamgeukia Mzee Mhina. Akapewa pedi. Akafungua mkoba. Kidole kiko juu ya ile chupa, hakibonyezi. Muadhini kashaanza kukohoa kwenye kipaza sauti.

Shekalaghe akapiga magoti. "Baba. Uliniambia mbele. Mbele ni hapa. Tumefika mbele."

Mzee akafumba macho, akasema, "Bismillahi," akabonyeza. Wakainuka wale watatu, wote wanne wakampiga Malkia pigo moja, la kikaango, akasalimu amri, na ikawa basi. Tulipiga vigelegele mpaka wauza nyanya wakaja kuuliza nani kaolewa. Televisheni ikaanza kupiga muziki na kuonyesha maandishi ya mwisho, lakini nani aliyatazama? Mwajabu peke yake. Bi Zulfa akachomoa waya, kwa sababu adhana ilikuwa adhana.

Sasa sikilizeni vizuri, na wewe Nasoro chambua, huo mchele haujichambui.

Bi Zulfa akasema, "Semeni. Mmoja mmoja."

Shekalaghe akasema, "Nyote mna lenu, nami nina langu. Tungekwenda mapema tungekufa mapema. Nani alikaa na vyura siku tisa, mnamcheka? Nguvu iliyomwangusha yule mama ni ya mikono hii. Mashine ni yangu."

Mzee Mhina akasema, "Nyote mna lenu, nami nina langu. Nguvu zako zote, kijana, zilikuwa zimelala chini. Nani aliwainua? Na ile dawa ingetumika kwa chura gani huko nyuma kama si mimi kuwanyima? Ni kweli, Jumatano nilichelewa. Lakini kisichokuwepo hakichelewi. Mashine ni yangu."

Mwajabu akasema, "Nyote mna lenu, nami nina langu. Sikushika pedi, sawa. Nilificha kadi, sawa. Lakini mlikuwa mnakwenda wapi bila mimi? Wewe ulimpiga mtu usiyemjua, wewe ulifunua mitungi ya watu usiowajua. Nani aliwaambia ni akina nani? Mngebonyeza uchoyo, mngekuwa mnaanza na chura sasa hivi. Tena mpaka leo, mkizungumza, mnazungumza maneno yangu. Mashine ni yangu."

Bi Zulfa akatazama huyu, akatazama huyu, akatazama huyu. Akafunga mashine na televisheni kwa kipande cha khanga, akafunga mafundo matatu, akaviweka juu ya kabati. "Mwenye jibu atafungua," akasema.

Haya, mmesikia. Aliyejenga nguvu, aliyetunza dawa, au aliyejua kisa na kutaka kisiishe? Je, nani alistahili? Msinijibu kwa kelele. Jibuni mmoja mmoja, na sababu, mchele ukiwa mikononi.

Ama faini ya Mwajabu, ile alilipa, kila mtu alishuhudia. Bi Zulfa alimhukumu atusimulie sisi washona vifungo safari nzima, toka kikaango cha kwanza, bila kuruka kitu, mpaka mwisho. Ilichukua sare mia tatu. Akaimba, akakoroma kama askari, akatembea dukani na mwavuli wa Mzee Mhina. Watu walikuja kushonesha nguo ambazo hazijachanika. Lakini alipofika mwisho, pale Malkia anamfungulia mlango binti yake aende kuolewa, akasema, "Kesho." Kesho yake akasema kesho. Siku ya tatu Bi Zulfa akasimamisha cherehani, akaweka mkasi juu ya meza, akasema, "Mwajabu. Lipa."

Mwajabu akaweka ndoo chini. Akatutazama, akafuta mikono, akatutazama tena. Halafu akalipa neno lenyewe, moja tu, alilokuwa anatunyima:

"Kukapambazuka."