Kamusi ya Simba na Neno la Kindi

Jamani, mpo?
Tupo.
Na masikio mmekuja nayo?
Tumekuja nayo.
Basi yategeni.

Hapo kale Simba alisikia kuwa Waingereza wametunga kamusi, kitabu cha maneno yao, wakaanza na yale magumu tu. Naye akataka yake. Akaandika maneno mazito mazito, kwaru, kwaru, kwaru. Kisha akapiga marufuku: neno lisilomo kitabuni lisisemwe.

Kindi alikuwa amefiwa na mama yake kiangazi kile. Alfajiri za baridi mama alikuwa akimfunika kwa mkia, akimwambia, "Njoo kwenye furufu." Kindi aliweza kulisema neno hilo kimoyomoyo, lakini alitamani kulisikia kinywani mwa mwingine. Akaenda kwa Simba.

"Furufu limo?"
"Halimo."
"Basi halipo?"
"Halipo."

Kindi akarudi mtini, akalia mpaka akachoka. Kesho yake akaenda tena.

"Bwana mkubwa, ghadhabu ni nini?"
Simba akafunua, fwaa. "Ghadhabu ni hamaki."
"Na hamaki?"
Fwaa. "Hamaki ni ghadhabu."
"Waingereza nao walikwama hapo hapo."
"Wakafanyaje?"
"Wakatafuta hata maneno madogo. Wakaulizana: hili hulisemaje, ulilisikia kwa nani? Wewe, bwana mkubwa, una nusu tu. Nusu nyingine imo midomoni mwetu, na neno halinaswi mpaka lisemwe."

Simba akameza mate. "Yote yawe yangu. Semeni."

Wanyama wakasema kutwa, Simba anaandika, kwaru, kwaru. Akaja Bibi Pelele, mnyama mdogo wa miambani, jirani wa marehemu mama yake Kindi.

"Furufu," akasema. "Ni joto la kufunikwa na mkia wa mama."
"Nani alilisema?" Simba akauliza.
"Mama yake huyu. 'Njoo kwenye furufu, mwanangu, umande bado haujakauka.' Nilikuwa namsikia kutoka mwambani kwangu."

Kindi akafumba macho. "Bibi, rudia."
"Njoo kwenye furufu, mwanangu."
"Rudia."
"Nimeshaandika," Simba akaguna.
"Rudia tu, Bibi."

Simba akaondoka na kitabu chake. Alilisoma neno lile, akalisoma tena, akalala amelikumbatia, na baridi ikampiga vilevile.

Bibi Pelele, kama mjuavyo, hana mkia. Akamsogelea Kindi hivyo hivyo.

Hadithi imefika mlangoni, nami nimeshavaa viatu. Funzo lake: mwenye baridi asisumbue majirani, afungue kamusi.