Mbwa Aliyempeleka Kitsao Ukweni

Paukwa!

Pakawa!

Kamba ipo?

Ipo!

Nani kaishika?

Hatujui!

Basi kaeni niwaambie.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwasikia, kijana Kitsao alitaka kumwoa Nyevu. Baba yake Nyevu akaagiza vitu viwili: kibuyu cha pombe ya mnazi na mbwa wa kuwinda. Kitsao avilete mwenyewe, kwa mwendo wa adabu, maana ukweni hakuendwi mbio.

Kitsao akamfunga Mbwa kamba, akajitwika kibuyu, wakaondoka. Njiani Mbwa akaona panzi. Mbwa akavuta, Kitsao akavuta, pombe ikamwagika yote. Wakaingia ukweni mbio, Kitsao kalowa chapachapa, ananuka kama mlevi. Baba mkwe akawarudisha.

Mara ya pili Mbwa akaona kipepeo. Mbwa akavuta, Kitsao akavuta, wakatokea jikoni, miguuni pa mama mkwe, ambaye Kitsao hakuruhusiwa hata kumtazama. Mama wa watu akajifunika chungu kichwani kwa aibu. Baba mkwe akasema imebaki safari moja tu. Akiharibu tena, Nyevu ataolewa kwingine.

Kitsao akalia, jamani, akalia kweli, maana alimpenda sana Nyevu. Kobe aliyekuwa akipita njiani akamhurumia. Akamwambia aache kushindana na kamba: ikikaza, asimame kama nguzo, ikilegea, aende. Kitsao akafanya hivyo. Kamba ikikaza, anasimama. Ikilegea, anakwenda. Mbwa akabweka, akanuna, akalala chini, mwishowe akaelewa.

Mara ya tatu panzi akapita, Mbwa kimya. Kipepeo akapita, Mbwa kimya. Lakini Kitsao alipomwona Nyevu mlangoni, adabu yote ikamtoka, akachomoka mbio. Kamba ikakaza. Mbwa akasimama kama nguzo.

"Twende," Kitsao akasema.

"Ilegeze kwanza," Mbwa akajibu.

Kitsao akarudi nyuma, wakaenda. Akavuta tena, Mbwa akasimama tena. Hivyo hivyo mpaka uani, taratibu, na pombe haikumwagika hata tone.

Baba mkwe akampa Mbwa mkono. "Huyu umemfunza vizuri," akamwambia, akimnyoshea Kitsao kidole. "Sasa kamba mpe binti yangu."

Mbwa akabaki ukweni. Kitsao akarudi kwao na Nyevu, ncha moja ya kamba mkononi mwa Nyevu, ya pili mkononi mwa Kitsao.

Funzo lake ni hili: ukitaka kumfundisha mwenzako utulivu, kumbuka kamba ina ncha mbili, na moja umeishika wewe.

Hadithi yangu imelegea hapo. Anayeitaka aivute kwake.